Kuingia Kisiwa cha Hifadhi Bila Kukiumiza: Mwongozo kwa Wageni na Wanaokilinda

Hifadhi ya kisiwa kidogo haina akiba. Kwenye mbuga kubwa, njia ikichakaa huhamishwa, na eneo lililochoka hupumzishwa huku wageni wakipelekwa kwingine. Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, kina hekta zipatazo 22. Cousin ya Shelisheli ina hekta 27 hivi. Mwamba utakaouona leo kwenye visiwa kama hivyo ndio huohuo watakaouona wageni wa kesho na wa mwaka ujao. Matumbawe makubwa yenye umbo la jabali hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Yale ya matawi huweza kufikisha sentimita 10 au zaidi, lakini ndiyo mepesi kuvunjika, na teke moja la pezi la kuogelea linatosha kuangusha kazi ya miaka.

Ukitaka kujua kama ziara yako itakisaidia kisiwa au itakielemea, angalia mambo matatu: mnaingia wangapi kwa siku, nani anawasimamia mkiwa majini, na fedha zenu zinaishia wapi. Mapenzi kwa bahari huja baada ya hayo.

1. Chagua hifadhi inayolindwa kweli

Hifadhi za bahari zilizopo kwenye karatasi tu ni nyingi. Mwaka 2014 Graham Edgar na wenzake walichapisha uchunguzi wa hifadhi 87 duniani, wakaona sifa tano zinazoleta tofauti: uvuvi umepigwa marufuku kabisa, sheria inasimamiwa, hifadhi imezidi miaka 10, eneo linazidi kilomita za mraba 100, na mwamba umetengwa na mingine kwa kina kirefu au mchanga. Asilimia 59 ya hifadhi walizozipima zilikuwa na sifa moja au mbili tu, na hali yake haikutofautiana na ya maeneo yanayovuliwa. Kisiwa kidogo hukosa sifa ya ukubwa tangu siku ya kwanza, kwa hiyo hakina nafasi ya kulegea kwenye zile nyingine.

Kabla ya kulipa, mwandikie mwendeshaji wa safari au ofisi ya hifadhi. Uliza nani analinda usiku, maana mvuvi haramu hachagui saa sita mchana wageni wakiwa majini. Uliza ukomo wa wageni kwa siku, na nini hufanyika ukifikiwa. Uliza ada inalipa nini: mishahara ya walinzi, mafuta ya boti ya doria, shule ya kijiji kilicho jirani, au inaingia kwenye mfuko mkuu usiojulikana? Mwisho, uliza boti inafungwa kwenye boya au inatupa nanga. Hifadhi iliyo hai hujibu maswali haya kwa urahisi, na mara nyingi kwa fahari. Ukijibiwa kwa picha za machweo na bei ya punguzo, tafuta pengine.

Ukomo wa idadi ndio kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Sipadan, Malaysia, huingiwa kwa vibali vya siku vyenye ukomo, na mwaka 2004 hoteli zilizokuwa juu ya kisiwa ziliamriwa kuhama, wageni wakawa wanalala visiwa vya jirani. Maya Bay nchini Thailand ilijifunza kwa uchungu: ilikuwa ikipokea hadi watu 5,000 kwa siku, ikafungwa Juni 2018, na haikufunguliwa tena hadi Januari 2022. Sasa boti haziingii ndani ya ghuba. Hushusha wageni upande wa nyuma wa kisiwa, watu huingia kwa awamu, na kila mwaka ghuba hufungwa kwa muda ili ipumue. Papa wadogo wenye ncha nyeusi za mapezi walirudi kwenye maji ya kina kifupi mara kelele za injini zilipokoma.

2. Panga tarehe kwa kufuata mwezi, upepo na joto la maji

Kalenda ya likizo hupanga siku, lakini bahari hupanga saa. Mahali penye tofauti kubwa ya kupwa na kujaa, bamvua (siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu) huleta mikondo mikali na hukausha mwamba maji yakipwa. Mgeni anayeogelea juu ya mwamba wenye maji ya kufika magotini atasimama tu, apende asipende, na atasimama juu ya matumbawe. Tafuta siku za maji mafu, au angalau saa ambayo maji yamejaa na kutulia. Mtu wa kumuuliza ni nahodha, na swali lenyewe ni saa ngapi maji yatatulia, maana saa ya kuondoka utaambiwa tu. Katika bahari ya Karibi tofauti ya maji ni ndogo mno, kwa kawaida haifiki nusu mita, na huko kinachoamua ni upepo na mawimbi.

Magharibi mwa Bahari ya Hindi, vipindi vya maleleji, kati ya kaskazi na kusi, mara nyingi ndivyo vyenye bahari tulivu na maji maangavu. Kusi ikishika kasi, safari za visiwa vya nje huahirishwa. Nahodha akikataa kutoka, usimsukume.

Angalia pia joto. Matumbawe huishi kwa ushirika na mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hukaa ndani ya nyama yake, huyapa chakula na rangi. Maji yakizidi kiwango cha juu cha kawaida cha majira ya joto kwa nyuzi 1 tu, na hali hiyo ikidumu kwa wiki kadhaa, matumbawe huutoa mwani huo na kubaki meupe. Hapo hayajafa bado, lakini yana njaa na hayawezi kustahimili bugudha. Aprili 2024 NOAA, shirika la Marekani la bahari na anga, lilitangaza kwamba dunia imo katika tukio la nne la upaukaji wa matumbawe duniani kote. Shirika hilohilo hutoa bure kwenye intaneti ramani za tahadhari kwa kutumia setilaiti. Ukiona eneo unalokwenda limo kwenye tahadhari ya juu, wasiliana na hifadhi. Baadhi hufunga sehemu, nyingine huomba wageni wabaki ufukweni na msituni.

3. Unachopakia

Vazi bora dhidi ya jua ni fulana ya kuogelea ya mikono mirefu na suruali ya kubana. Hupunguza losheni unayohitaji kwa zaidi ya nusu ya mwili, na haiyeyuki majini. Sehemu zinazobaki wazi zipake losheni ya zinki isiyo na oksibenzoni wala oktinokseti. Palau ilipiga marufuku losheni zenye kemikali hizo na nyingine kadhaa kuanzia Januari 2020, na Hawaii ikazuia uuzaji wa zenye hizo mbili kuanzia Januari 2021. Paka mapema, nusu saa kabla ya kuingia majini, ili isiondoke yote kwenye dakika ya kwanza.

Miwani ya maji ijaribu kabla ya safari. Miwani inayovuja ni chanzo kikubwa cha watu kusimama juu ya mwamba, kwa sababu kila anayeingiwa na maji machoni hutafuta pa kukanyaga. Glavu ziache nyumbani. Anayevaa glavu hushika, na ndiyo sababu hifadhi ya Bonaire, kisiwa cha Karibi, imezikataza.

Sasa jambo ambalo wageni wengi hulipuuza: soli za viatu, mifuko na masanduku. Kung'uta mbegu, udongo na sisimizi kabla ya kupanda boti. Panya mmoja mwenye mimba anayeshuka kwenye kisiwa chenye ndege wa baharini anaweza kuharibu mpaka mwamba ulio chini ya maji, na hilo si kukuza mambo. Mwaka 2018 watafiti walilinganisha visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi, vyenye panya na visivyo na panya. Pasipo na panya, ndege huleta samadi kutoka bahari kuu, mvua huishusha, nayo hulisha mwamba. Uzito wa samaki kwenye miamba ya visiwa hivyo ulikuwa mkubwa kwa asilimia 48. Kwa hofu kama hiyo, Cousin hairuhusu boti za wageni kugusa ufukwe: boti za hifadhi hutoka kuwapokea majini. Ukiulizwa kufungua mkoba wako ukaguliwe, ufungue kwa furaha.

Vifaa vya kuogelea vilivyotumika bahari nyingine vioshwe vizuri kwa maji yasiyo ya chumvi na kukaushwa kabisa. Ugonjwa unaoyeyusha nyama ya matumbawe magumu ulionekana mara ya kwanza Florida mwaka 2014, kisha ukasambaa hadi visiwa vingi vya Karibi.

4. Kwenye boti

Nanga na mnyororo wake hufagia kila kitu kwenye duara inayozungukwa na boti. Kama hakuna boya, boti ifungwe kwenye mchanga mtupu, au nahodha abaki akielea. Kupita juu ya majani ya bahari kuwe kwa mwendo wa pole, maana kasa hulisha hapo na huibuka kuvuta pumzi bila taarifa. Vaa jaketi la kuokolea hata kama unajua kuogelea. Hesabu ya watu ifanyike mara mbili, wakati wa kuondoka na kabla ya kurudi.

5. Majini

Hapa ndipo mambo huharibika, na hapa ndipo inafaa kukaa kwa muda.

Watafiti wawili waliwafuatilia wazamiaji huko St Lucia, kisiwa cha Karibi, na kuchapisha matokeo mwaka 2004. Takriban robo tatu yao waligusa mwamba angalau mara moja, mara nyingi kwa mapezi na bila kujua. Wenye kamera waligusa zaidi. Maelezo mafupi ya mdomo kabla ya kuzama hayakubadili kitu. Kilichopunguza miguso ni kiongozi aliyekuwa karibu nao majini, akimuingilia kila anayeukaribia mwamba. Kwa hiyo usiridhike na hotuba ya ufukweni. Uliza kiongozi mmoja anachukua watu wangapi, na kama ataingia nanyi majini. Kikundi cha watu sita kwa kiongozi mmoja kinasimamika. Cha watu ishirini kinajiongoza chenyewe.

Ingia kupitia mlango wa mchanga, kamwe si juu ya mwamba. Lala bapa juu ya maji, miguu nyuma yako na karibu na uso wa maji, upige mapezi polepole kutoka nyongani. Mwili ukisimama wima, mapezi hushuka nusu mita chini yako na kuvunja usichokiona. Miwani ikivuja au ukichoka, geuka chali, uelee, urekebishe. Asiyeweza kuelea chali avae jaketi: halina aibu yoyote, na matumbawe hayajui nani ni bingwa. Maji yakiwa chini ya mita moja na nusu juu ya mwamba, geuza urudi kwenye kina.

Anza kwa kuupanda mkondo ukiwa na nguvu, urudi ukisaidiwa nao. Ukikuta mkondo unakushinda, usipigane nao. Elea, inua mkono, boti ije.

Kwa wanyama, kanuni yangu ni kwamba mnyama akibadili alichokuwa akifanya, umeshamkaribia mno. Kasa anayeacha kula, taa (yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani) anayefukuka mchangani, pweza anayegeuka rangi, wote wamekwisha kukuambia. Usimfuate kasa kutoka juu wala kumzuia njia ya kwenda kuvuta pumzi. Usilishe samaki, hata mkate. Pono kazi yake ni kukwangua mwani unaoyafunika matumbawe, na mawe anayosaga hutoka tumboni mwake yakiwa mchanga, ule mchanga mweupe mnaoupiga picha. Pono aliyezoea kungojea mkate chini ya boti huacha kukwangua. Jongoo bahari naye asinyanyuliwe ili apigwe picha: husafisha mchanga kwa kuula na kuutoa, na akibughudhiwa baadhi ya aina humwaga matumbo nje.

Ukilazimika kukanyaga, kanyaga mchanga, na uburute miguu ili taa aliyejifukia apate kusogea. Ukichomwa na taa au samaki jiwe, tumbukiza sehemu iliyochomwa kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Mtu mwingine apime joto la maji kwa mkono mzima, kwa sababu aliyechomwa anaweza kujiunguza bila kusikia. Kisha nenda hospitali hata maumivu yakipoa.

6. Juu ya kisiwa

Fuata njia iliyowekwa. Ndege wengi wa baharini hutaga chini au ndani ya mashimo, na udongo wa kisiwa hubomoka chini ya mguu. Ndege mzazi akirushwa kiotoni jua la mchana huweza kuua yai au kinda kwa dakika chache. Ndege isiyo na rubani ibaki kwenye sanduku.

Usiku, zima taa zinazoangaza baharini. Vifaranga wa kasa huelekea kwenye upeo wenye mwanga zaidi, na taa ya baraza huwageuza kuelekea nchi kavu. Kama umeruhusiwa kushuhudia kasa akitaga, keti nyuma yake, kimya, bila tochi nyeupe wala mwanga wa kamera, na usogee tu mlinzi akikuambia. Mayai hukaa mchangani kwa miezi miwili hivi, na joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: ukipoa hutoka madume zaidi, ukipata joto hutoka majike. Mwavuli unaochomekwa hovyo, shimo la watoto lililoachwa wazi, au moto wa ufukweni, vyote huingilia hesabu hiyo.

Makombe yaliyo matupu yaache. Kaa wanaoishi ndani ya makombe hawana mahali pengine pa kuhamia wanapokua. Kuhusu matumbawe na makombe makubwa, kuna sheria juu ya maadili: matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na kasa wote wa baharini wamo kwenye orodha ya kwanza, hivyo kipande kwenye begi kinaweza kukufikisha mahakamani ukiwa uwanja wa ndege.

Maji ya kunywa kisiwani ni machache, na maji machafu ni hatari zaidi ya plastiki. Choo kinachovuja hupeleka virutubisho baharini, mwani hustawi, matumbawe hukosa hewa na mwanga. Chumbe hukusanya maji ya mvua juu ya paa za nyumba zake saba za wageni na hutumia vyoo vya mboji visivyohitaji maji. Kwenye malazi yoyote ya kisiwa, swali kuhusu choo lina uzito kuliko swali kuhusu mandhari.

7. Ukisharudi

Picha zako ni takwimu. Magamba ya shavu la kasa na madoadoa ya papa potwe hutambulisha mnyama mmoja mmoja, na watafiti hupokea picha hizo zikiwa na tarehe na mahali. Tuma pia picha za matumbawe yaliyopauka, pamoja na kina. Usitangaze hadharani mahali pa viota. Kama umeona boti ikitupa nanga juu ya mwamba, iandikie hifadhi ukitaja saa na eneo. Lawama za jumla mtandaoni hazimsaidii mlinzi.

8. Kwa wanaotaka kuanzisha au kuimarisha hifadhi

Visiwa viwili vya Ufilipino vinafundisha kuliko semina nyingi. Sumilon ilifungwa kwa uvuvi mwaka 1974 kwa uongozi wa mwanabiolojia Angel Alcala na Chuo Kikuu cha Silliman. Samaki wakaongezeka, na wavuvi wa nje ya mpaka wakavuna vizuri. Mwaka 1984 ulinzi ukavunjika, na ndani ya miaka miwili mavuno yakashuka kwa zaidi ya nusu. Apo, jirani yake, ilianza mwaka 1982 kwa njia nyingine: wakazi wenyewe walikubaliana kuacha sehemu ndogo ya mwamba wao, wakailinda wao, na serikali ya mtaa ikaja kuwatia nguvu kisheria mwaka 1985. Apo imesimama.

Kwa hiyo anzeni na wavuvi kabla ya ramani. Mpaka uchorwe na wanaoutumia, uwe wa kuonekana kwa macho, kutoka rasi hii hadi mnara ule, kwa sababu anayevua kwa ngalawa hana haja ya kusoma namba za mahali zinazotolewa na setilaiti. Walinzi watoke miongoni mwao. Chumbe, iliyotangazwa hifadhi mwaka 1994, iliajiri wavuvi wa zamani na kuwafundisha kuwa walinzi wasio na silaha, ambao kazi yao kubwa ni kuzungumza na wenzao waliobaki kwenye uvuvi.

Kama kijiji hakijaamini bado, jaribuni kitu kidogo kinacholipa haraka. Pweza hukua upesi sana. Huko Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, wanakijiji walifunga eneo la pweza kwa miezi kadhaa kuanzia mwaka 2004, na siku ya kufungua walivua pweza wakubwa kiasi cha vijiji jirani kutaka kufanya vivyo hivyo. Kufunga kwa msimu hakurudishi chewa wazee wala matumbawe, hilo liwekwe wazi tangu mwanzo, lakini hufungua mlango wa mazungumzo ya kufunga kwa kudumu.

Maboya ya kufungia boti yawekwe kabla ya wageni wa kwanza. Ukomo wa wageni uandikwe kwenye sheria wakati bado mko chini yake, kwa sababu kuushusha baadaye ni vita. Kwa wazamiaji, watafiti wa Bonaire walipendekeza takriban mizamio 4,000 hadi 6,000 kwa eneo moja kwa mwaka kuwa kiwango cha juu. Mwamba dhaifu, au wenye waogeleaji wengi wasio na uzoefu, utahitaji pungufu ya hapo.

Upandaji wa matumbawe uje mwisho kabisa. Wafadhili huupenda kwa sababu unapigika picha, lakini vipande vinavyofungwa kwenye mwamba ambao bado unapokea maji machafu na nanga hufa kama vilivyotangulia.

Msitegemee watalii peke yao. Mwaka 2020 mipaka ilipofungwa, hifadhi zilizoishi kwa ada za wageni zilibaki na walinzi wasio na mishahara. Wekeni pembeni fungu la ada kwa miezi mibaya.

Na pimeni. Chagueni mistari michache ya mita 50, ndani ya hifadhi na nje yake, muihesabu kabla ya kufunga na kila mwaka katika mwezi uleule: idadi na urefu wa chewa, changu na pono, sehemu iliyofunikwa na matumbawe hai, na viti vya pweza (nyota bahari) wenye miiba wanaokula matumbawe. Bila mistari ya nje hamtajua kama mabadiliko ni ya hifadhi au ya bahari nzima. Hesabu ifanywe na wavuvi pamoja na wataalamu, na matokeo yasomwe kijijini, kwa Kiswahili au lugha yoyote inayozungumzwa pale, ndani ya mwezi uleule, pamoja na mapato na matumizi ya ada.